Kisiki cha Mpakani

Nani asiyeujua msaipresi? Kwetu Limuru ndio ua, ndio kuni, ndio mbao. Shamba la Babu na la jirani yake yalitengwa na safu ya misaipresi mirefu. Mapema katika miaka ya 1990 ikaanza kukauka, mmoja baada ya mwingine. Babu akashikilia kwamba jirani ameitilia sumu. Habari za mdudu alizisikia redioni, akasema ni visingizio. Salamu zikakatika.

Desemba 2023 Babu aliukata mti wa mwisho uliosalia. Nikapiga magoti kisikini nikahesabu pete toka gandani kwenda ndani. Nilikuwa nimesoma habari za milima ya Alps, Ulaya. Huko kuna kiwavi alaye majani ya mti uitwao lachi. Mti ukipukutishwa hukosa chakula, na pete ya mwaka huo huwa hafifu. Mwaka wa 2007 watafiti walichapisha historia yake ya miaka 1,173, waliyoisoma kwenye miti na boriti za nyumba kongwe. Viwavi walirudi takriban kila miaka 9!

Nami nikamsaka mdudu wangu, yaani kidukari wa msaipresi, aliyegunduliwa Kenya mwaka wa 1990. Hufyonza utomvu hadi matawi yageuke kahawia. Haya, nikaziona pete nyembamba.

"Babu, si sumu! Ni mdudu!"

Babu akacheka. "Na kiangazi je? Mti hauoni njaa?"

Nikaishiwa na maneno. Kweli, wataalamu hulinganisha na mti wa aina nyingine, ambao mdudu huyo haushambulii. Ukame huikondesha yote miwili. Mdudu hukondesha mmoja tu. Mimi nilikuwa na kisiki kimoja. Isitoshe, kwetu mvua ni za masika na za vuli, na mti waweza kuchora pete zaidi ya moja kwa mwaka. Nilihesabu mara tatu nikapata 38, 44, kisha 35. Shahidi gani huyo?

"Lakini Babu," nikajikaza, "na ile misaipresi ya jirani iliyokuwa nyuma ya zizi lake, ilikauka lini?"

Babu akanyamaza kitambo, akikitazama kisiki.

"Miaka ile ile," akasema polepole.

Akaichukua bakora yake. Nilimfuata nyumanyuma hadi langoni kwa jirani, nikamsikia akikohoa kidogo, kisha akabisha hodi.