Okidi Mbili za Mama



Nataka kusimulia jambo dogo la nyumbani. Ndani yake mna funzo nililolipata kwa kuchelewa, na huenda kijana atakayesoma hapa akalipata mapema kuliko mimi.

Mwaka 2019 marehemu mama yangu aliiacha nyumba yake ya Unguja akaja kukaa nasi Dodoma, kwani umri ulikuwa umemwelemea wala hapakuwa na wa kumwangalia kule. Njia nzima alipakata kikapu, na ndani yake mlikuwa na vyungu viwili vya okidi. Kwake zilikuwa zikining'inia barazani, na hewa ya bahari ikizilea usiku na mchana. Aliponikabidhi akasema, "Mwanangu, na hawa pia ni wageni wako."

Amma Dodoma si Unguja. Hapa tuko mita zipatazo 1,100 juu ya bahari. Mvua ni ya msimu mmoja tu, yapata Disemba hadi Aprili, na ya mwaka mzima haizidi sana milimita 570. Miezi iliyobaki ni jua, vumbi na upepo mkavu unaopasua midomo. Nikazihurumia zile okidi. Nikaziongezea udongo mweusi, nikaziweka sebuleni, na kila nilipotawadha, maji yaliyosalia birikani nikayamimina vyunguni. Mara tano kwa siku! Nami nikijiona natenda mema mawili kwa pamoja: sipotezi maji, na natunza amana ya mama.

Haukupita muda mrefu, majani ya moja yakageuka manjano na kulegea. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Nilipoing'oa nikakuta mizizi imekuwa myeusi, imelainika, inanuka. Ilikuwa imekufa kwa maji katika nchi ya ukame.

Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Hii haikufa kwa kiu, mwanangu. Itazame mizizi."

Kisha akanifundisha. Okidi za namna hii hazioti ardhini. Katika misitu ya Asia zilikotoka, hushika magome ya miti bila ya kuunyonya mti wenyewe, na mizizi yake hukaa wazi hewani. Mwenyezi Mungu ameivika mizizi hiyo gamba jeupe mfano wa sifongo: hunywa mvua upesi, kisha hutaka upepo uikaushe. Ikiwa na rangi ya fedha, ina kiu. Ikiwa ya kijani, imeshiba. Mimi nilikuwa nimeizika topeni, ikakosa pumzi.

Ile iliyosalia tukaitoa udongoni. Tukaikatia makumbi ya nazi vipande vidogo, tukayaloweka siku kadhaa na kuyabadilisha maji ili chumvi itoke, tukayachanganya na vipande vya mkaa katika chungu chenye matundu mengi. Maji nikaipa pindi mizizi ilipogeuka rangi ya fedha, yaani kila baada ya siku tano hivi, saba wakati wa baridi. Hukizamisha chungu beseni kwa dakika 10 asubuhi, kisha huacha maji yote yachuruzike, wala siachi tone kati ya majani, maana hapo ndipo moyo wa mmea unapoozea. Maji yetu ya bomba huacha weupe ndani ya birika. Kwa hiyo huyatumia ya mvua niliyoyahifadhi pipani.

Kwa ajili ya ukavu wa hewa, mama alitaka sinia lenye kokoto na maji kidogo, chungu kikae juu ya kokoto bila kugusa maji, ili mvuke upande majanini. Mahali pake pakawa dirisha la mashariki nyuma ya pazia jepesi, mbali na feni. Jani likikoza sana ukijani, mwanga ni haba. Likiwa jekundu au manjano, jua limezidi.

Siku moja nikiitazama mizizi ile, nilimsikia mama akikohoa chumbani, moyo ukanichoma. Yeye naye nilikuwa nimemweka chumba cha ndani, mbali na upepo. Nilimlisha supu asiyoitaka, nikamkataza jikoni, nikamkataza mlangoni, na kila siku akizidi kunyong'onyea. Yote hayo niliyaita mapenzi, na hata mara moja sikumwuliza. Jioni ile nikakaa miguuni pake nikamwuliza, "Mama, wataka nini?"

Akajibu kana kwamba jibu lilikuwa tayari siku nyingi: "Nataka kukaa kibarazani baada ya Alasiri nione watu. Na unipe ungo nipepete mchele."

Basi ikawa hivyo. Haukupita mwezi akawa anawaamkia majirani zetu wa Kigogo, "Mbukwenyi!", nao wakicheka na kuketi naye hadi karibu na Magharibi.

Sote twajua kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha mtoni. Mimi nilidhani makatazo hayo ni ya kuhifadhi maji tu. Sasa naona kuwa kukipa kitu kupita haki yake nako ni israfu, ijapokuwa mtoaji anatoa kwa mapenzi.

Mwaka 2020, baada ya baridi ya usiku wa Juni na Julai, okidi ilitoa kikonyo, kisha maua kumi na moja meupe. Baridi ya wiki kadhaa ndiyo iiamshayo kuchanua, nasi hapa tunayo kuliko Unguja. Mama aliyahesabu kila asubuhi. Alifariki mwaka uliofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Binti yangu sasa ndiye anayeinywesha. Jana nilimwona ameshika kopo, ameinama, anaitazama mizizi kwanza. Kisha akalirudisha kopo pipani.

Enyi vijana mlio na wazazi, waulizeni wangali nanyi.

Wabillahi tawfiq.