Kaunta Buku ya Seva

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia kazini Dar es Salaam mwaka 2008, akakabidhiwa seva 11 za Linux na kaunta buku moja nene. Kila ukurasa ulikuwa wa seva moja: anwani yake, nenosiri la root, programu zilizomo na, pembeni, kwa wino mwekundu, tarehe iliposasishwa mara ya mwisho. "Mdogo wangu," fundi aliyekuwa anaondoka alimwambia, "hiki kitabu kikipotea, na ninyi mmepotea."

Kebo ya SEACOM ilikuwa bado haijatua pwani. Ilifika Julai 2009. Intaneti ya ofisi ilitoka kwenye dishi la setilaiti juu ya paa, na seva zote zikivuta vifurushi vilevile kwa pamoja, wahasibu hawafungui hata barua pepe. Dawa ikawa kuteua seva moja ivute kila kitu usiku, nyingine zichote kwake. Ofisini wakaiita "kisima".

Miaka ikaenda, seva zikafika 38. Mbili zilizosimikwa siku moja, kwa mkono uleule, baada ya mwaka hazikufanana tena. Moja iliwahi kubadilishwa mstari usiku wa manane, na aliyeubadilisha akalala bila kuandika kitabuni. Mara nyingi aliyelala alikuwa mwandishi mwenyewe.

Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, saa tisa kamili usiku, saa za dunia ziliongezewa sekunde moja ili zilingane na mzunguko wake. Kasoro ndani ya kerneli ya Linux ikazichanganya seva nyingi duniani, hasa zilizoendesha Java na MySQL: kazi hakuna, lakini prosesa inachemka kwa asilimia 100. Tiba ilikuwa amri moja fupi ya kupanga upya saa. Ugumu ni kwamba ilibidi kuingia kila seva, moja baada ya nyingine, kaunta buku mapajani na simu ya bosi ikiita.

Jumatatu ya tarehe 7 Aprili 2014 ilikuwa Siku ya Karume, ofisi zimefungwa. Usiku ule zikatoka habari za Heartbleed, tundu katika OpenSSL, maktaba ya programu inayosimba mawasiliano ya mtandaoni. Mtu yeyote aliweza kuiomba seva imtemee hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, tena na tena, na humo huenda mlikuwamo manenosiri au hata ufunguo wa siri wa tovuti. Matoleo yenye ugonjwa yalikuwa 1.0.1 hadi 1.0.1f.

Kesho yake mwandishi aligundua jambo la kuchekesha. Seva kuukuu kuliko zote, zile za CentOS 5 alizokuwa akizionea aibu, zilikuwa salama, kwa kuwa zilibaki na OpenSSL 0.9.8, isiyo na tundu lile. Zilizougua ni zile alizojisifu kwa kuziapdeti.

Kusasisha nako hakukumaliza kazi. Namba ilibaki ileile, 1.0.1e, maana waandaaji wa CentOS na Debian walitia kiraka kwenye toleo lililopo badala ya kuleta jipya. Ukitaka kujua kama umepona, usome mkia wa namba ya kifurushi. Tena programu iliyokwisha kuwaka huendelea kuishika maktaba ya zamani mpaka iwashwe upya. Kwenye seva ya barua pepe aliorodhesha faili zinazotumika, akaona herufi tatu kwenye mstari wa OpenSSL: DEL. Faili la zamani lilikuwa limeshafutwa kwenye diski, lakini kwenye kumbukumbu lilikuwa bado linahudumia watu. Siku tatu ziliisha kwa kuwinda herufi hizo.

Kabla mwaka haujaisha alianza kuhamishia kaunta buku kwenye Ansible, programu iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012. Wazo lenyewe, la kuzisimamia seva zote kwa maagizo yaliyoandikwa, si geni. Mark Burgess alianza kutengeneza CFEngine, programu ya aina hiyo, kule Oslo mwaka 1993. Kilichomvutia ni kwamba Ansible haidai kuwekwa kwenye kila seva. Huingia kwa SSH, mlango uleule alioutumia siku zote. Na huiambii seva ifanye nini, unaieleza iweje: kifurushi hiki kiwepo, huduma hii iwe inawaka, faili hili liwe na mistari hii. Rudia amri mara kumi, seva iliyo sawa haiguswi. Kila ukurasa ukawa faili, na kila badiliko likahifadhiwa kwenye Git pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake.

Kisha akajifungia nje.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Alitaka SSH ipokee watu wa kundi moja tu, wasimamizi, akaandika "wasimamzi". Ukaguzi wa faili ukapita, kwa sababu mpangilio wake ulikuwa sahihi na kompyuta haijui Kiswahili. Ansible ikalipeleka kwenye seva zote 38, ikawasha SSH upya, na skrini haikuonyesha kosa hata moja. Alipojaribu kuingia, seva ya kwanza ikamkatalia. Ya pili nayo. Kabla ya kujaribu ya tatu alikwenda kunywa maji.

Kwenye seva ya hifadhidata alikuwa ameingia tangu asubuhi, na SSH ikiwashwa upya haiwatoi waliokwisha kuingia. Hiyo aliirekebisha palepale. Zile 37 alizifuata kwa bajaji hadi chumba cha seva, kibodi kwapani na skrini mapajani. Ukikaa mbele ya mashine yenyewe, sharti la SSH halikuhusu, ila lazima uwe na nenosiri, na yeye alishazoea kuingia kwa ufunguo. Manenosiri ya root yalikuwa bado kwenye kaunta buku, kabatini kwa mhasibu, chini ya kufuli. Alimaliza Jumamosi alfajiri. Tangu hapo kila badiliko huanza na seva moja, halafu tano, ndipo zote.

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024, sikukuu nyingine ikaingia dosari. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba xz, programu ya kubana faili, ilikuwa imefichwa mlango wa nyuma katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Alishtuka kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba mpaka akaupata.

Mwandishi alikuwa nyumbani, sahani ya pilau kando. Akaandika amri moja: kila seva itaje toleo lake la xz. Majibu yakaanza kushuka: 5.2.5, 5.2.5, 5.4.1, 5.2.5. Hapakuwa na 5.6 hata moja. Akampigia kijana wa zamu kumpa habari njema.

Kijana akanyamaza kidogo. "Kaka, na laptop yangu je? Ina Kali Linux, nimeiapdeti juzi."

"Izimie Wi-Fi sasa hivi," alimjibu, akaisogeza sahani na kufungua orodha ya mashine. Laptop ile haikuwamo.