Karatasi ya Samawati

Wako watu wanaomdharau mpiga kura ambaye hajakata shauri. Husema kwamba ni mwoga, au kwamba angoja kuhongwa, au kwamba hana habari za nchi. Pengine ni kweli kwa baadhi yao. Lakini wako na wengine ambao hukawia kwa sababu wataka kulijua jambo kabla ya kulitenda, na habari za mmoja wao zafaa kusimuliwa kwa faida ya wasomaji.

Mtu huyu ni karani, mkaazi wa Changamwe, upande wa bara ya Mombasa. Ana mke na watoto watatu. Kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi ya kuhesabu makontena katika yadi moja. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na hati mkononi, kulinganisha namba iliyoandikwa ubavuni mwa kontena na namba iliyo katika hati, kutazama kama mlango haukufunguliwa njiani, kisha kutia sahihi. Mwaka 2019 serikali kuu iliamuru mizigo iendayo Nairobi na nchi za mbele ipelekwe kwa reli mpya. Yadi ikapungukiwa na kazi, makarani wengi wakaachishwa, naye akawa mmoja wao. Tangu hapo akashika kazi ya kuandika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa kwanza.

Basi ulipokaribia uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022, kila mpiga kura alijua kwamba atapewa karatasi sita: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge, na ya mwakilishi wa wadi. Karani alikuwa amekwisha kata shauri juu ya tano. Ile moja, ya gavana, yenye rangi ya samawati, ilimshinda.

Gavana Hassan Joho alikuwa amemaliza vipindi viwili, na sheria haikumruhusu kusimama tena. Wagombea waliotaka kukalia kiti chake walikuwa kadha wa kadha, lakini waliotajwa sana ni wawili: Bwana Abdulswamad Shariff Nassir wa chama cha ODM, aliyekuwa mbunge wa Mvita tangu mwaka 2013, na Bwana Hassan Omar wa chama cha UDA, aliyekuwa seneta wa Mombasa tangu mwaka 2013 hata mwaka 2017. Wapambe wa pande zote walifika mtaani kwa magari yenye vipaza sauti, na kila mmoja aliahidi kwamba mtu wake akichaguliwa makontena yatarudi. Karani alisikiliza wote, na kila alipotoka mkutanoni alijiona amerudi pale pale alipoanzia.

Tarehe 8 Agosti, siku moja kabla ya kupiga kura, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba uchaguzi wa gavana umeahirishwa katika kaunti mbili, Kakamega na Mombasa, kwa kuwa karatasi zilikuwa na makosa katika picha na habari za wagombea. Watu wengi walikasirika. Karani alishusha pumzi. Siku ya pili yake akaenda kituoni, akatia karatasi tano masandukuni, akarudi nyumbani kama mwanafunzi ambaye mtihani wake umesogezwa mbele.

Siku zile za kwanza hakufanya lolote. Nchi nzima ilikuwa ikingoja hesabu ya kura za Rais, naye aliingoja pamoja na wengine. Uchaguzi wa gavana ulitajiwa kwanza tarehe 23, kisha ukasogezwa tena hadi tarehe 29. Ndipo mkewe alipomwambia, "Baba watoto, umepewa siku ishirini na Mwenyezi Mungu, nawe umekwisha kula nusu yake kwa kutazama televisheni." Neno hilo lilimwingia.

Jumapili, tarehe 21, aliondoka kwenda Mtongwe kumwona mjomba wake. Mama yake ni Mdigo, na kwa Wadigo mjomba si mtu wa kupuuzwa. Shauri lililo zito hupelekwa kwake. Ingawa Changamwe na Likoni zote ni bara ya Mombasa, wakati ule mtu aliyetoka huko kwenda huku kwa njia iliyozoeleka hakuwa na budi kuingia kisiwani kwanza, kisha avuke kwa feri. Katika kuvuka alisimama karibu na ukingo, akayatazama maji. Watu wa upande ule hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa.

Alimkuta mzee ameketi barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona uso umeukunja hivyo?"

Karani akamweleza jambo lake lote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Makontena yaliondolewa na nani?"

"Na serikali kuu, mjomba."

"Gavana aliitia sahihi amri hiyo?"

"La."

"Basi mbona wamdai Juma deni la Ali? Hata feri hii uliyovukia huendeshwa na shirika la serikali kuu. Ukimwuliza gavana habari za mambo yasiyo mkononi mwake, atakujibu vizuri sana, maana jibu halimgharimu kitu."

Kisha mzee akamkumbusha mambo ya zamani. Mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, si kila mtu aliyepiga kura. Aliyeruhusiwa ni mwenye elimu, au mali, au mshahara, au utumishi wa kutosha, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura mpaka tatu kwa kadiri ya sifa zake. Watu wa Pwani walimchagua Bwana Ronald Ngala, aliyekuwa mwalimu. "Marehemu baba yangu hakuwa na hata kura moja," akasema mzee. "Alikuwa mkwezi wa minazi. Alisimama ng'ambo ya njia akawatazama walimu na makarani wakipanga mstari. Leo wewe wapewa karatasi sita, nawe wasema zakulemea."

Karani akainamisha kichwa. Mzee akaendelea kwa sauti ya chini.

"Na jambo moja ulitazame kabla ya mengine yote. Mwezi wa Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, kisha watu waliotoka bara ya mbali wakauawa na kufukuzwa makwao. Jirani yangu wa mlango huu wa pili alikuwa fundi seremala. Aliondoka usiku na watoto wake, wala hakurudi. Mlango alionitengenezea ndio huu. Mtu yeyote akikuambia kwamba taabu yako imeletwa na kabila la jirani yako, mfute kwanza, ndipo uanze kuhesabu waliobaki."

Jumamosi iliyofuata karani alikwenda Kisauni kwa dada yake, ambaye ni mjane. Nyumba yake ni ya zile ziitwazo Mombasa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni mali yake, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, naye hulipa kodi yake kila mwezi. Tamaa yake kubwa ni kupata hati. Lakini alikuwa amekwisha tambua jambo ambalo kaka yake alilihitaji mtu wa kumwambia. Mwezi wa Januari 2016, wakaazi wa shamba la Waitiki kule Likoni, lenye ekari zipatazo 930, walipopewa hati, aliyezitoa ni Rais Uhuru Kenyatta, kwa kuwa mambo ya hati za ardhi yamo mikononi mwa serikali kuu.

"Kwa hiyo, kaka, habari ya kiwanja simwulizi gavana," akasema. "Mimi namwuliza habari ya zahanati. Mtoto akishikwa na homa usiku, naandikiwa dawa nikanunue dukani. Hilo ni lake, hana pa kulitupia."

Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba ana neno la kuungama. Wapambe walipita na pakiti za unga, naye alizipokea pakiti mbili. Karani alitaka kumkemea, maana sheria yamkataza anayetoa na anayepokea pia. Lakini aliwatazama watoto wakicheza uani, akakumbuka bei ya unga mwaka ule, akakosa neno.

"Usinihurumie," akasema dada yake. "Nimekosa, nami najua. Lakini nimejifunza hesabu. Unga ule ulikwisha kwa siku nne. Gavana hukaa miaka mitano."

Usiku ule karani alichukua karatasi, akaketi mezani kama alivyoketi zamani na hati za mizigo. Upande wa kushoto aliandika mambo yote aliyotaka kwa ajili ya nyumba yake: kazi ya makontena, kiwanja cha dada, feri ya mjomba, hospitali ya Port Reitz, ambako watoto wake wote watatu walitibiwa, shule ya chekechea ya yule mdogo, maji ya mfereji, mitaro, takataka, soko, ada za leseni za biashara, barabara za mtaani. Halafu akayalinganisha na kazi ambazo Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti. Akachukua kalamu, akayapiga mstari yasiyo ya gavana.

Kiwanja akakifuta. Feri akaifuta, kwa kuwa huendeshwa na shirika la serikali kuu. Alipofika penye makontena alikaa kitako muda mrefu. Hilo ndilo lililompeleka mikutanoni, ndilo lililomkosesha usingizi, na kwa ajili yake angalimpa kura mtu yeyote aliyelitaja kwa sauti ya kutosha. Mwishowe akalifuta nalo, na kwa muda kidogo aliona kama amejiachisha kazi kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini yaliyobaki yalimtosha. Kwa kila moja aliandika yale kila mgombea aliyosema atafanya, na fedha zitatoka wapi. Tena aliandika yale kila mmoja aliyotenda alipokuwa na kazi ya umma. Mmoja amekuwa mbunge, na fedha za maendeleo ya jimbo zilipita katika eneo lake. Watu wa Mvita waweza kuulizwa. Mwingine amekuwa seneta, na kazi ya seneta ni kuilinda kaunti na kuzichungua fedha zake. Hilo nalo laweza kuulizwa. Palipokuwa na ahadi tupu aliacha nafasi wazi, kama ilivyokuwa desturi yake kazini, kwa maana hakutia sahihi kamwe juu ya mzigo ambao namba yake hakuiona.

Jumatatu, tarehe 29, alifika kituoni asubuhi akakuta mstari mfupi. Akapewa karatasi ya samawati, akatia alama, akatoka. Alimchagua nani, mkewe hakuuliza, wala yeye hakusema.

Bwana Nassir alipata kura 119,083, na Bwana Hassan Omar kura 98,108. Jumla ya kura za wawili hao ni 217,191, na wagombea wengine walipata chache. Walioandikwa Mombasa walikuwa zaidi ya 640,000. Yaani yapata watu wawili katika kila watatu walikaa nyumbani siku ile. Haikosi miongoni mwao walikuwamo wengi waliosema kwamba hawajakata shauri. Lakini kukawia ni jambo moja, na kutokwenda ni jambo jingine. Mwenye kukawia bado ashika mizani mkononi. Asiyekwenda amempa jirani yake mizani ampimie.

Tarehe 13 Septemba, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo bandarini itarudi Mombasa. Chama chake ndicho kilichoshindwa katika uchaguzi wa gavana wiki mbili kabla. Karani alisikia habari hiyo akiwa dukani, akaweka kalamu chini, akamkumbuka mjomba na deni la Ali. Jambo ambalo nusura alitolee kura ya gavana lilitendeka kwa mkono mwingine kabisa, wala halikungoja kujua Mombasa imemchagua nani.

Yadi yake ya zamani haikumwita mara moja, na aliendelea na hesabu za duka. Ile karatasi yenye mistari hakuitupa. Aliikunja akaiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Katiba yaamuru uchaguzi mkuu ufanywe Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, na aliyechaguliwa aweza kuomba kura tena. Siku hiyo karatasi ile itatolewa, ahadi zilinganishwe na vitendo, namba kwa namba.

Mkulima hachagui jembe kwa sababu mpini wake umepakwa rangi nzuri. Hulipima kwa udongo wa shamba lake. Vivyo hivyo na kura. Si aibu mtu kusema kwamba bado hajajua, maadamu aketi chini kutafuta kujua, na siku ikifika aende.