Nafaqa ni ya Mume, Ujira ni wa Kazi

Iko hoja inayosikika mara kwa mara katika mazungumzo yetu, na wanawake pia huisema: mwanamume alipwe zaidi kwa kuwa nafaqa ya mke na watoto iko juu yake. Hoja hii ina sura ya dini, ndiyo maana wengi huogopa kuigusa. Mimi naona inachanganya madeni mawili. Nafaqa ni deni la mume kwa watu wa nyumbani kwake. Ujira ni deni la mwajiri kwa aliyemfanyia kazi. Na Suratun Nisaa, aya ya 32, imelitaja chumo la mwanamke kuwa fungu lake, kama lilivyo la mwanamume.

Mpwa wangu ni mhasibu katika kampuni moja hapa Mombasa. Aliajiriwa kijana mwenye cheti kama chake, akamfunza kazi yeye mwenyewe, kisha akajua kuwa kijana anamzidi mshahara. Alipouliza, alijibiwa kwa upole kabisa: mwenzako yu mbioni kuoa, ana majukumu. Mpwa wangu ndiye anayemlisha mamake mjane na kuwalipia karo ndugu zake wawili. Hilo hakuulizwa.

Mazoea haya ya kumpima mtu badala ya kuipima kazi hayakutoka katika fiqhi. Serikali ya kikoloni ilimlipa Mwafrika wa mjini kana kwamba ni mseja, ikichukulia kuwa mkewe huko shambani atajilisha kwa jembe lake. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza mshahara umtoshe mwanamume, mke na watoto. Wanaume walistahiki nyongeza ile, tena ilichelewa. Lakini katika hesabu hiyo mwanamke aliingia kama mlaji tu. Baada ya uhuru, sheria ya kazi ya 1976 ilimpa mwanamke miezi miwili ya likizo ya uzazi, kisha ikamnyima likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni mapumziko! Dhuluma hiyo iliondolewa na Sheria ya Ajira ya 2007.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na akishtakiwa ni juu yake kuthibitisha kwamba hakubagua. Basi sheria tunayo. Kinachoilemaza ni siri, kwani mwanamke hawezi kudai tofauti asiyoijua. Huko Aisilandi, ambako tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake waliacha kazi za ofisini na za nyumbani kwa siku nzima, sheria iliyoanza kutumika 2018 ilizitaka kampuni zenye wafanyakazi 25 au zaidi zithibitishe kuwa zinalipa sawa, bila kungoja mlalamikaji. Kila moja ya kaunti zetu 47 ina Mwakilishi wa Wanawake Bungeni. Wanapokuja kuomba kura, tuwaulize kama watapeleka mswada wa kuwalazimisha waajiri watangaze ngazi za mishahara yao.

Haya ni ya maofisini. Wanaoshona kofia za vito majumbani, wanaolipwa kwa kofia na bei hupangwa na tajiri, hata hiyo ngazi hawana. Kwao ningeanza na chama cha ushirika, wauze pamoja, na bei waitaje wao.