Sheena, farasi wa kupakwa rangi, na yule mganga

Wadau, posti ya leo haina programu hata moja. Wale mliokuja kusoma kuhusu hifadhidata, vumilieni, ama rukeni hii.

Nimeitazama upya filamu ya Sheena. Kama hukukulia karibu na kibanda cha video huenda huijui. Ilitoka mwaka 1984, kampuni ni Columbia Pictures, na mwelekezi ni John Guillermin, yule yule wa King Kong ya 1976. Tanya Roberts, aliyefariki Januari 2021, ni msichana wa kizungu aliyelelewa na kabila la kubuniwa liitwalo Zambouli. Akiweka vidole kwenye paji la uso, wanyama wote wanamtii. Watu huiita filamu ya daraja la pili, ingawa pesa zilizotumika si za daraja hilo: karibu dola milioni 25, na kule Marekani haikurudisha hata milioni 6.

Nchi yenyewe kwenye filamu inaitwa Tigora. Usiitafute kwenye ramani. Ilipigwa hapa hapa Kenya! Mimi niliiona nikiwa na miaka minane, Kayole, kwenye kibanda cha mabati, shilingi tano kwa mtoto. Jamaa wa maikrofoni alitutafsiria kwa Kiswahili na Sheng, akiongeza chumvi kila waigizaji waliponyamaza. Alituambia hiyo ni Kongo, nasi tukaamini. Sasa nikiangalia zile nyasi na ule mwanga wa jioni, nashangaa vile chumba kizima cha Wakenya kilikaa kikitazama nyumbani bila kujua.

Mambo mengine yamezeeka vibaya. Punda milia anayepandwa na Sheena ni farasi aliyepakwa mistari, na ukishaona ile shingo huwezi tena kuacha kuiona. (Kazi yangu ni kutafuta hitilafu, nisamehewe.) Kuna heroe wanaoivamia helikopta. Hiyo bado naipenda, sitaki mjadala.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike.

Kwenye ploti yetu wasichana tulicheza Sheena likizo nzima. Sheena alikuwa yule mweupe kutuliko, kila siku, bila kura. Mimi ndiye niliyekuwa mweusi zaidi, kwa hivyo nilipewa mganga, yule mama aliyemlea Sheena. Hakuna aliyetaka kuwa mganga. Unasema maneno mawili ya hekima, unakamatwa na askari, unatolewa jela, unakufa, halafu unakaa kwenye ngazi kungoja wenzako wamalize mchezo. Nilikuwa nikifika nyumbani namuuliza mama kama kuna sabuni ya kupunguza rangi.

Safari hii nilisoma majina ya waigizaji. Mganga ni Elizabeth wa Toro. Toro ya Uganda, ndiyo. Alizaliwa 1936, binti wa Omukama Rukidi III. Alisomea sheria Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wakili Uingereza. Akawa pia mwanamitindo. Mwaka 1974 Idi Amin alimfanya waziri wa mambo ya nje, na kabla mwaka haujaisha akamfukuza kwa tuhuma chafu ya kubuni, eti alifanya aibu na mzungu kwenye uwanja wa ndege Paris. Mwaka 1975 alitoroka Uganda akaingia Kenya. Magazeti ya Uingereza yaliyorudia uongo ule aliyapeleka kortini, akashinda.

Sasa rudi kwenye hadithi ya Sheena. Mwanamfalme anamuua kaka yake mfalme ili atwae kiti, kisha mganga anasingiziwa ndiye muuaji na kutupwa jela. Aliyeigiza hapo alikuwa amesingiziwa kweli, na mtu aliyetwaa kiti kweli, miaka kumi kabla. Sijui mwandishi yeyote wa Hollywood ambaye angethubutu kubuni hivyo. Nilirudia yale mandhari ya kukamatwa mara tatu. Hapigi kelele. Anawatazama tu, na mimi nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu hajui kuigiza.

Mwaka 1986, miaka miwili baada ya filamu, alikuwa balozi wa Uganda Washington. Tanya Roberts wakati huo alikuwa ameteuliwa kuwania tuzo ya Razzie, ile ya waigizaji wabovu.

Nilimtumia haya yote yule aliyekuwa Sheena wetu. Siku hizi yuko Doha, anafanya kazi hotelini. Alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akaandika kwamba yeye kila mara alichoka kukimbia juani, na alikuwa akinionea wivu mimi niliyekaa kwenye ngazi.