Chama cha Vitabu Vilivyotoka Mbali



Katika parokia zetu za Lubumbashi karibu kila mtu ana chama chake. Huyu ni wa Lejio ya Maria, yule ni wa Kiro au wa Xaveri, na mama yule huvaa kitenge cha kikundi chake kila siku kuu. Wanachama wanajuana kwa nyuso na kwa majina. Akifiwa mmoja, wenzake wanafika na unga na kuni. Mimi nami nimo katika chama cha namna hiyo. Lakini zamani, tangu mwaka 1966 hata 1974, nilikuwa pia katika chama kingine, ambacho wanachama wake wengi sikupata kuwaona hata siku moja. Kilikuwa chama cha kununua vitabu kwa njia ya posta. Vijana wa Luano wameniomba mara nyingi niwaeleze habari zake, nami naona yafaa kuziandika kabla sijaondoka duniani.

Chama hicho kilianzishwa Paris mwaka 1965 na nyumba ya vitabu iitwayo OPTA. Jina lake la Kifaransa lilikuwa Club du livre d'anticipation, maana yake Chama cha Kitabu cha Mambo Yajayo. Wamarekani walikuwa wametangulia kuanza chao mwaka 1953. Kazi ilikuwa hii: wewe unajiandikisha, unapata habari za vitabu vitakavyochapishwa, unatuma fedha, nao wanakuletea kifurushi. Vitabu vyenyewe vilikuwa vizuri sana, vya jalada gumu, vyenye picha ndani, na kila nakala ilipigwa namba yake. Namba hiyo ilitufurahisha mno. Ilikuwa kama mtu amekuita kwa jina lako kutoka ng'ambo ya bahari.

Hadithi zake zilikuwa hadithi za sayansi. Mtunzi anachukua elimu iliyopo leo, kisha anajiuliza: watu wakiendelea hivi, mambo yatakuwaje baada ya miaka mia, au baada ya miaka elfu? Kutokana na swali hilo anatunga hadithi yake. Mtu asidhani ni utabiri wa wachawi. Mtunzi hasemi, «Jambo hili litakuwa.» Anasema, «Tazameni, jambo hili laweza kuwa. Basi, mtafanya nini?»

Tulijiandikisha watu wanne kwa jina moja, kwa sababu bei ya kitabu ilizidi mfuko wa mtu mmoja. Mimi nilikuwa karani. Wenzangu walikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwuguzi, na fundi wa umeme. Kutuma fedha Ulaya kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1967 fedha yetu ilibadilishwa, tukaingia katika zaire, lakini zaire hiyo haikupokelewa katika maduka ya Paris. Mbelgiji mmoja aliyefundisha katika shule ya mjini alitusaidia. Sisi tulimpa fedha za hapa, naye akalipa kule kwa fedha zake. Bila mtu huyo tusingalisoma hata ukurasa mmoja.

Baba yangu alikuwa mpakiaji wa mizigo katika kiwanja cha ndege cha Luano. Mifuko ya barua ilipita mikononi mwake, naye alipenda kutuambia jioni, «Leo posta ya Ulaya imefika.» Hapo tulijua kwamba baada ya siku chache tutapanda baiskeli kwenda mjini kuangalia katika sanduku la posta. Mara mbili kifurushi kilifika kimepasuliwa, ndani mkiwa na magazeti makuukuu tu. Siku hizo tulirudi nyumbani kimya, kama watu waliotoka kuzika.

Kila mmoja wetu alikaa na kitabu siku saba. Kisha Jumapili, baada ya Misa, tulikaa chini ya mwembe nyumbani kwa fundi, na mmoja wetu alisimulia hadithi kwa Kiswahili, maana jirani zetu wengi hawakujua Kifaransa. Walikuja akina mama na watoto, na wazee waliotaka kupumzika kivulini. Hivyo chama chetu cha watu wanne kilikuwa kwa kweli cha watu thelathini. Kila neno gumu tulilitafutia neno letu. Chombo cha kusafiri mbinguni tulikiita ndege ya nyota. Mashine yenye kufanya kazi kama mtu tuliiita mtu wa chuma. Watoto waliyashika maneno hayo upesi kuliko sisi.

Kitabu cha kwanza cha chama hicho kilikuwa Fondation, cha Isaac Asimov, Mmarekani aliyezaliwa Urusi. Hadithi ni hii. Kuna ufalme mkubwa unaotawala nyota zote. Mwenye elimu mmoja, Hari Seldon, amevumbua hesabu ya kujua mambo yatakayoyapata mataifa. Hesabu hiyo yamwonyesha kwamba ufalme utaanguka, na baada yake kutakuwa giza kwa miaka 30,000. Kuuzuia ufalme usianguke hawezi. Lakini aweza kulipunguza giza lile liwe la miaka 1,000 tu, akiwapeleka watu wenye elimu kwenye nyota ya pembeni kabisa, wakaitunze elimu huko. Hesabu yake, lakini, ina mpaka. Inaweza kupima makundi makubwa ya watu tu. Mtu mmoja haiwezi kumjua.

Siku nilipoisimulia hadithi hiyo, mama yake fundi alikuwa akichambua maharagwe. Mama huyo alitoka Kasai pamoja na mume wake, aliyekuja Katanga kwa ajili ya kazi, kama wengi wa wakati ule. Alisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, «Baba, huyo bwana mwenye hesabu anawajua watu wote. Na mwanangu mmoja, je, anamwona?» Nikamjibu, «Hapana, mama, hesabu yake haimwoni.» Akasema, «Basi, hesabu yake bado ni ndogo.» Watu wakacheka, naye akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Mwalimu alichukizwa na jambo lingine. Katika kitabu kile watu wa nyota ya pembeni wanatengeneza dini ya uongo ili wawatawale majirani zao, na makuhani wake wanaficha elimu ya nguvu za atomi kama uchawi. Mwalimu alisema mtunzi awadharau mapadri, tena kitabu hiki hakiwafai Wakristu. Tukabishana sana, na mwisho tukampelekea Baba Padri kitabu. Alikaa nacho karibu mwezi mzima. Alipokirudisha alisema, «Wanangu, mtunzi amesema kweli juu ya makuhani wa uongo: wao hufunga elimu sandukuni. Sasa someni na hiki.» Akatupa kitabu kingine, kisicho cha chama chetu, Un cantique pour Leibowitz, cha Walter Miller.

Miller huyo alikuwa askari wa ndege wa Marekani. Alikuwamo katika vita vya kuipiga kwa mabomu monasteri ya Monte Cassino, monasteri ya Mtakatifu Benedikto mwenyewe, mwaka 1944. Baada ya vita aliingia Kanisa Katoliki. Katika hadithi yake dunia imeteketezwa na mabomu ya atomi. Waliosalia wanawaua wenye elimu na kuchoma vitabu kwa hasira. Wamonaki wa jangwani wanakusanya vipande vya karatasi vilivyobaki, wanavinakili kwa mkono miaka mingi, hata kama hawaelewi maana yake. Mmoja wao anatumia miaka kumi na mitano kunakili mchoro wa umeme, akiupamba kwa dhahabu kama Injili. Fundi wetu, ambaye michoro ya namna hiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, alicheka hata machozi yakamtoka. Kisha akanyamaza, akasema, «Na mimi ningaliunakili.»

Sisi watu wa Katanga hatuwezi kusoma kitabu cha mabomu ya atomi kama wengine. Mawe ya urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalichimbwa na baba zetu. Mwaka 1940 zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo zilipelekwa New York, na mwaka 1942 serikali ya Marekani ikayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe. Wachimbaji hawakuambiwa neno. Tena nimesoma jambo la kushangaza: mwezi wa Machi 1944 gazeti moja la hadithi za sayansi huko Marekani, Astounding, lilichapa hadithi ya Cleve Cartmill iliyoeleza bomu la urani, hata maofisa wa usalama wakaenda kumhoji mhariri, wakidhani siri imetoka. Siri haikutoka. Habari za hadithi ile zilitoka katika maandiko ya elimu yaliyochapishwa wazi.

Ndugu zangu, fikirini jambo hili. Kijana wa New York mwenye senti chache aliweza kusoma habari za bomu mwaka mmoja na zaidi kabla ya kuanguka kwake. Yule aliyeyachimba mawe kwa mikono yake hakujua kitu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kusoma vitabu hivi. Ardhi yetu imejaa mambo yajayo ya watu wengine. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka Kongo, nayo yatiwa katika betri za magari na za simu. Yafaa mtoto wa mchimbaji aulize mapema: hiki ninachokitoa chini, kinakwenda kuwa nini?

Mwaka 1974 uanachama wetu ulikoma. Yule Mbelgiji alirudi kwao. Fedha za kigeni zikawa adimu, na maduka mengi yalikuwa yamekwisha kunyang'anywa wageni tangu Novemba 1973, yakabaki matupu. Tulikuwa na vitabu kumi na vinne. Miaka michache baadaye tulisikia kwamba kampuni ya Wajerumani, OTRAG, imekodi nchi kubwa kaskazini ya jimbo letu ili irushe roketi. Ya kwanza ilirushwa Mei 1977. Ile ya Juni 1978 ilianguka mbele ya Rais Mobutu mwenyewe, na mwaka 1979 kampuni ikaambiwa iache kazi hiyo. Watoto wa mwembeni, ambao sasa walikuwa watu wazima, waliniuliza, «Karani, ndiyo ile ndege ya nyota?» Niliwaambia, «Ndiyo, lakini rubani si wa kwetu.»

Fundi alihamia Likasi kwa kazi, akachukua vitabu saba, mimi nikabaki na saba. Mama yake alifariki mwaka 1985, tukamzika kwa heshima. Kisha ukaja mwaka 1992. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao huko Likasi, na baadaye Kolwezi, hata waliozaliwa huku na wasioijua Kasai. Waliowafukuza walikuwa watu wa lugha yangu. Maelfu walilala penye stesheni ya gari la moshi wakingoja kusafirishwa. Nilikwenda Likasi na watu wa parokia tuliopeleka vyakula. Nilimtafuta fundi tangu asubuhi hata saa tisa, nikipita kati ya magodoro na masufuria, nikiita jina lake.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, na mke wake na watoto. Nyumba yake ilikuwa imeporwa. Katika vitabu saba alikuwa amebaki na kimoja, Fondation, amekifunga katika shuka ya mtoto. Nilimwuliza kwa nini amebeba kitabu mahali pa kubeba unga. Akasema, «Nimeandikwa jina langu katika karatasi ya wasafiri, wamekosea herufi. Kitabu hiki peke yake kina namba yangu sawasawa.» Kisha akatazama umati ule, akasema, «Unakumbuka mama? Hapa ndipo hesabu ya yule bwana inapofika. Inatuona sisi wote, na hakuna anayetuona.» Nikamshika mkono. Nikamwambia kwamba nimemwita kwa jina tangu asubuhi. Akajibu, «Nimesikia. Ndiyo maana sikuondoka hapa.»

Aliondoka na familia yake baada ya siku kumi na moja. Mwaka uliofuata nilipata barua yake kutoka Mwene-Ditu. Aliandika kwamba jioni anawasimulia watoto wa waliofukuzwa hadithi ya nyota ya pembeni, sasa kwa Tshiluba, na kwamba ameongeza kitu ambacho Asimov hakukiandika: katika hadithi yake kuna mama mzee anayechambua maharagwe, na Seldon huja kumwuliza shauri.

Katika Kanuni ya Imani twasema kwamba twasadiki Ushirika wa Watakatifu. Ni ushirika wa watu ambao wengi wao hatujawaona, nao wanatujali. Mchungaji mwema wa Injili aliwaacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja, kwa kuwa hesabu yake huanzia kwa mmoja. Chama chochote cha wanadamu, kiwe cha sala au cha vitabu, nakipima kwa kipimo hicho: siku ya taabu, je, kuna mtu atakayepita kati ya umati akiniita kwa jina?

Fundi alifariki mwaka 2009. Vitabu vyangu saba nimeviweka katika kabati ya parokia, pamoja na daftari la kuazima. Vijana wenye simu wanasema siku hizi vitabu vyote vimo humo, nami nafurahi. Lakini wakichukua kimoja nawaomba jambo moja tu: Jumapili baada ya Misa wakisimulie kwa Kiswahili mbele ya wasiojua Kifaransa, na mtu akiuliza swali, hata akiwa mama mzee mwenye ungo wa maharagwe, wamsikilize hata mwisho.