Nani Alikuwa Anapima?

Kuna albamu ya mwaka 2012 inayoitwa Kentucky, na bendi iliyoitoa, Panopticon, ina mtu mmoja tu. Anaitwa Austin Lunn. Dramu ni yeye, gitaa ni yeye, banjo ni yeye, na yule anayepiga mayowe kama mtu aliyefungiwa kwenye nyumba inayoungua, pia ni yeye.

Muziki wenyewe ni black metal, tuseme metali nyeusi. Kama hujawahi kuusikia: dramu zinakimbia kama mvua ya mawe juu ya mabati, gitaa zinavuma mfululizo, na maneno huyashiki hata ukikaza masikio. Jirani yangu aliwahi kuniuliza kama spika imepasuka. Simlaumu.

Bendi za mtu mmoja ni desturi ya miaka mingi katika muziki huu, na si desturi ya kujivunia yote. Burzum ya Norwe ndiyo maarufu zaidi. Mwenyewe, Varg Vikernes, alihukumiwa miaka 21 jela mwaka 1994 kwa kumuua mwanamuziki mwenzake na kuchoma makanisa, na maoni yake kuhusu watu wa rangi yangu sitayarudia hapa. Picha iliyobaki vichwani ni ya mwanamume aliyejifungia chumbani, amewachukia watu wote, anajirekodi. Mimi naishi bedsita. Kuna siku naandika kutoka asubuhi mpaka jioni bila kuongea na mtu, kwa hivyo hicho chumba nakielewa.

Lunn alikijaza watu. Albamu inaanza na banjo, muziki wa milimani, wa kuchezwa barazani. Halafu katikati ya kelele zinaingia nyimbo tatu za wanawake ambazo hakutunga yeye. Moja ni ya Sarah Ogan Gunning. Nyingine ni ya Jean Ritchie, kuhusu maji yaliyoharibiwa na uchimbaji wa makaa. Ya tatu, "Which Side Are You On?", ilitungwa mwaka 1931 na Florence Reece katika kaunti ya Harlan. Mumewe, Sam, alikuwa anawaunganisha wachimba makaa katika chama. Watu wa sherifu wakavamia nyumba kumtafuta, wakamkosa. Florence akang'oa kalenda ukutani akaandika wimbo nyuma yake: wewe uko upande gani?

Nyimbo hizi Lunn anaziimba kwa sauti ya kawaida, bila mayowe. Kuna pia sauti za wachimbaji wenyewe zilizorekodiwa, wakisimulia mgomo na umwagaji damu. Sitadai vipande vyote vimeshonana vizuri. Mshono unaonekana, banjo inakatika na ngurumo inaanza bila hodi. Lakini hata huko milimani mambo yalikuwa hivyo, mtu yuko barazani na ghafla baruti inalipua kilele cha mlima ulio mbele yake.

Baba yangu amekata mawe ya mjengo kwenye timbo moja upande wa Juja tangu sijazaliwa. Analipwa kwa jiwe. Likipasuka, halihesabiwi. Karo ya mwaka wa tatu ilipokosekana nikatoka chuo, na sasa naandika makala za kulipwa kwa neno. Alikuja kunitembelea Aprili akakuta albamu inacheza.

"Zima hiyo kitu, utapata kichwa."

Nikapunguza sauti. Ikafika sehemu ya wachimbaji, nikamtafsiria kidogo kidogo. Akanyamaza muda mrefu, chai ikapoa.

"Walikuwa wanalipwa kwa siku ama kwa tani?"

Nikatafuta kwenye simu. Kwa tani. Na makaa yakichanganyika na mawe, mchimbaji alikatwa.

"Na nani alikuwa anapima?"

Hilo nalo nikalitafuta. Kampuni ndiyo iliyokuwa na mizani. Moja ya mambo ambayo vyama vya wachimbaji vilipigania kwa miaka mingi ni haki ya kuweka mtu wao pale mizanini, wamlipe wenyewe, aangalie kila gari la makaa likipimwa. Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jamaa yake.

"Sisi hatujawahi kuwa na huyo mtu," akasema.

Alipoondoka nikafungua faili za miezi mitatu. Makala ya maneno 1,200, nimelipwa 1,050. Nyingine 900, nimelipwa 780. Mteja ana programu yake ya kuhesabu, na mimi nilikuwa napokea tu ile namba inayokuja na pesa. Nikawatafuta wengine wanaomwandikia, watu ambao sijawahi kuonana nao. Mmoja yuko Eldoret, wengine wawili wako hapa Nairobi. Kila mmoja alidhani ni yeye tu anayekatwa.

Tukafungua kikundi cha wotsapu. Kila makala sasa inahesabiwa na mwenzako kabla haijatumwa, na Jumatatu tulituma barua moja yenye majina manne na jedwali la miezi mitatu. Mteja ameisoma, alama mbili za buluu zinaonekana. Hajajibu. Jana mmoja wetu alitoka kwenye kikundi bila kusema kitu, na simu yake haishikwi. Tumebaki watatu, na kesho kuna makala ya maneno 1,500 ya kupima.